WhatsApp kwa mtu anayegandwa: nimepitia setingi zote, hii hapa tathmini yangu

Niseme mapema ili asiyetaka maelezo marefu aondoke na jibu lake. WhatsApp kama kinga dhidi ya mtu usiyemjua, yule aliyeokota namba yako sehemu akaanza kukupigia video call usiku wa manane, naipa nyota nne kati ya tano. Kama kinga dhidi ya mtu wa karibu, mume, mchumba mliyeachana, mpangaji mwenzio, shemeji asiye na adabu, naipa mbili na hapo nimeipendelea. Na kesi ninazoletewa mimi karibu zote ni za hao wa pili, kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walimaliza.

Mimi nauza madera na vitenge mtandaoni hapa Dar, namba yangu iko kila mahali, kwenye mifuko, kwenye bio ya Instagram, kwenye kadi za mzigo, kwa hiyo habari ya "badilisha namba" msiniambie, nikibadilisha namba nimefunga duka. Tuko wadada wengi tunaofanya biashara ya hivi na kwa sababu mimi ndo napenda kuchokonoa simu basi kila mwenye usumbufu anakuja kwangu, "shosti hebu niangalizie hapa kuna nini". Ndo maana nikaamua kuandika, maana naongea kitu kilekile kila siku mpaka sauti inakauka.

Tuanze na wageni. Mwaka 2023 mwezi wa sita walileta ile ya kunyamazisha simu za WhatsApp kutoka namba usizozijua, iko kwenye faragha halafu simu. Ukiiwasha simu haiiti ila inabaki kwenye orodha ya simu zilizoingia, kwa hiyo asubuhi unaona nani alipiga na saa ngapi. Kwa mtu wa kawaida hii iwashe leo, usifikirie mara mbili. Kwetu wauzaji ina maumivu, kuna mteja hajui kuandika vizuri anapiga tu, ukimnyamazisha kaenda kwa jirani. Nilichofanya mimi ni kutenganisha, laini ya biashara iko WhatsApp Business na laini ya mama na watoto iko WhatsApp ya kawaida, zote simu moja, na ile ya familia ndo nimeifunga kila kona. Hata kama hutumii ya biashara, tangu mwishoni mwa 2023 WhatsApp ya kawaida kwenye Android inabeba akaunti mbili kama una laini mbili. Laini ya buku tu jamani. Na huko Business kuna sehemu ya kujaza anuani, wengi wanaweka pini ya nyumbani maana ndo wanapouzia, toeni hiyo pini, andika mtaa tu inatosha, mteja wa kweli atauliza.

Picha ya profaili, muda wa mwisho kuonekana, maelezo, vyote unachagua aone nani: wote, watu uliowasevu, uliowasevu isipokuwa fulani, au asione mtu. Kuwa hewani nako siku hizi kunafichika. Ukificha muda wa mwisho au kuwa hewani na wewe huoni vya wenzio, ndo bei yake, sawa tu. Hapa nawapa maksi zote. Hata kuskrinshoti picha ya profaili ya mtu walishaizuia, ingawa mwenye simu ya pili anaipiga picha kama kawaida, tusidanganyane.

Lakini stetasi, jamani stetasi. Kuna dada tunauza naye Kariakoo alitumiwa meseji mchana "nguo ya kijani imekutoa leo", na kweli kavaa kijani, akaanza kutetemeka akijua jamaa yuko nje ya duka, akatuma kijana akaangalie ng'ambo ya barabara, hakuna mtu. Kumbe asubuhi karusha video ya mzigo mpya na nyuma yake kuna kioo, yeye anaonekana kwenye kioo mzima mzima na nguo yake ya kijani. Sasa jamaa aliionaje? Stetasi inaonwa na mtu uliyemsevu na yeye kakusevu, na jamaa alikuwa kasevuiwa "Mteja Dera Mbagala". Aliwahi kununua dera moja tu. Ukiangalia orodha ya waliotazama hayumo, kwa sababu aliyezima tiki za bluu anatazama stetasi bila jina lake kutokea. Hilo wengi hawalijui na wanajipa moyo na ile orodha. Dawa ipo, stetasi ina setingi yake pembeni, unaweza kuchagua watu wachache tu wa kuona au kuwatoa unaowatilia shaka, na hakuna anayepewa taarifa kwamba katolewa. Pia acha kurusha ukiwa bado uko eneo husika, rusha ukishaondoka.

Magrupu ndo yananikera kuliko vyote na hapa ndo nyota ya tano ilipopotelea. Grupu la mchango wa harusi, la kikoba, la wazazi wa darasa la tatu, la jumuiya, la mtaa, kote huko namba yako iko uchi kwa watu mia mbili ambao nusu yao huwajui, na kuingia kwenyewe hukuomba, umeingizwa. Kuna setingi ya nani anaweza kukuingiza kwenye grupu, weka waliosevuiwa tu, au "waliosevuiwa isipokuwa" halafu weka tiki majina yote, hapo kila anayetaka kukuingiza inabidi akutumie mwaliko na unakaa siku tatu tu unakufa. Ila ukishaingia, basi, namba inaonekana. Na kuna kitu kinashangaza watu, ukimbloku mtu na mko grupu moja bado mnaonana meseji za humo, anaweza akakujibu humo, akakurushia maneno ya mafumbo humo, na wenzako wanacheka hawajui kinachoendelea. Sasa kwenye zile Jumuiya za WhatsApp (Communities) walizoleta mwishoni mwa 2022 namba yako haionekani kwa kila mwanachama, wanaiona admini, waliokusevu na mlio nao grupu moja humo ndani. Yaani kumbe uwezo wanao. Kwa nini kwenye grupu la kawaida, ambako ndo tunakoishi, hawajaleta, mimi sielewi.

Kuibiwa akaunti nitapita haraka maana wengi mshasikia. Zile tarakimu 6 zinazokuja kwa SMS usimpe mtu, hata akiwa anaongea kwa sauti ya shangazi. Halafu weka namba ya siri ya hatua mbili, nayo ni tarakimu 6 lakini hii unaitunga mwenyewe, ndo inamzuia hata aliyefanikiwa kuirudisha laini yako kwa jina lake. Weka na email ya kuirejeshea, usipoweka ukisahau namba utasubiri siku saba. Hiyo namba isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, huyo mtu wako wa karibu anaijua. Na ukiwa hapo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako (kitambulisho cha taifa), hasa kama uliwahi kusajili kwa wakala wa mwavuli pale stendi akakwambia "dada rudia kidole hakijasoma". Wenzetu wa Safaricom Kenya nao ni hiyohiyo *106#.

Sasa tuje kwa mtu wa ndani.

Kuna dada, simtaji, aliachana na mwanaume na akahama kabisa mtaa. Jamaa akawa anajua kila kitu. Akiagana na rafiki yake wakutane saluni, jamaa anamtumia "salamu zake huko saluni". Dada akabadilisha saluni, akabadilisha rafiki, akafika mahali anamhisi mpaka mdogo wake kwamba ndo anayepeleka habari, nyumbani hawasemeshani. Alipokuja kwangu nilichukua simu nikaenda kwenye vile vidoti vitatu juu, vifaa vilivyounganishwa, na pale pameandikwa Google Chrome, Windows, na chini yake ilitumika mara ya mwisho leo saa nne na kitu asubuhi. Nikamuuliza "dada una kompyuta?" Akanijibu "kompyuta naitolea wapi mimi". Tukabaki tunaangaliana.

Ndo hivyo tu, hakuna uchawi wala programu ya kijasusi ya mamilioni. Mtu anachukua simu yako dakika moja ukiwa bafuni, anaskani ule mraba wa QR kwenye kompyuta yake, anairudisha mezani. Tangu hapo kila meseji unayotuma na unayopokea inaingia na kwake. Tofauti na kuhamisha akaunti kwenye simu nyingine, ambapo wewe unatolewa na unashtuka, hii haikutoi, unaendelea kuchati raha mstarehe. Zinaweza kuunganishwa mpaka nne, na hazihitaji simu yako iwe na bando wala chaji. Ndiyo, zinajitoa zenyewe kama simu yako haijafungua WhatsApp kwa siku 14, lakini ni nani huyo anakaa siku 14 bila WhatsApp?

WhatsApp watasema kwamba kuunganisha kunadai alama ya kidole au namba ya kufungulia simu. Kweli. Ila mtu mnaelala naye kitanda kimoja namba ya simu yako anaijua, na wengine wana kidole chao kabisa ndani ya simu yako. Nenda kwenye setingi za simu sehemu ya alama za vidole uhesabu ziko ngapi. Nimeshakuta simu ina vidole vitatu na mwenyewe anakumbuka kuweka kimoja. Hapa ndo nawatoa nyota, hii sehemu ya vifaa imejificha kwenye menyu ambayo mtu asiyetumia kompyuta hana sababu ya kuifungua maisha yake yote, wakati ndo mtu huyohuyo anayehitaji kuona. Ingekaa mbele pale juu ya gumzo, "kuna kifaa kingine kinasoma", kila siku, mpaka uthibitishe ni chako. Ingekera wanaotumia kompyuta ofisini, wakereke tu.

Na hapa naomba msome taratibu. Ukikuta kifaa usichokijua kidole kinawasha, unataka ukitoe papo hapo. Subiri kwanza. Kipige picha na simu nyingine, jina la kifaa na muda vionekane. Halafu jiulize huyu mtu ni wa aina gani, maana ukimtoa atajua sekunde hiyohiyo kwamba umegundua, na kama ni mwenye mkono mwepesi au anajua unapolala, basi siku ya kumtoa iwe siku ambayo uko kwa watu, mtu mwingine anajua, na mahali pa kulala pako tayari. Mpaka hapo mipango yako panga kwa mdomo au kwa simu ya mtu mwingine, kwenye hiyo simu endelea na mambo ya kawaida, umbea na bei za nyanya. Yule dada tulimtoa jamaa siku ya tatu akiwa kwa mama yake, kaka zake wapo. Alipiga simu ndani ya saa hiyohiyo, anauliza "kwani kuna tatizo gani?" Hakuna aliyemwambia kama kuna tatizo.

Kufunga gumzo, ile ya 2023, ni nzuri na ina pande mbili. Unalifunga gumzo moja linatoweka kwenye orodha, na ukiweka neno la siri halionekani kabisa mpaka uliandike neno hilo kwenye sehemu ya kutafutia. Neno hilo linaweza kuwa tofauti na namba ya kufungulia simu, ndo raha yake, mwenye namba ya simu bado hawezi kuona unachoongea na wakili au dada yako. Najua kuna mnaosema ni ya wachepukaji, sawa, na wachepukaji wanaitumia, lakini mimi nimeona mwanamke amepanga safari ya kurudi kwao Tabora yote ndani ya gumzo lililofungwa huku mume anapekua simu kila jioni. Ni muhimu tu uwe umeshahakiki vile vifaa kwanza. Kuhusu kuifunga WhatsApp nzima kwa kidole, zingatia kwamba meseji bado zinaweza kusomeka zinapochomoza juu ya kioo, kuna kitufe cha kuzima hilo palepale, wengi wanakiruka.

Lokesheni ya moja kwa moja wameitendea haki. Unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8 na baada ya hapo inakatika yenyewe, haiwezi kubaki imewashwa mwaka mzima kama zile za ramani ambazo mchumba alikuwashia mkiwa na mapenzi mkasahau. Mimi nikipanda boda usiku namtumia mdogo wangu ya saa 1. Ila boda wa kuleta mzigo usimtumie lokesheni ya mlango wa nyumba, mkutane dukani au kwenye kona, maana ana namba yako tayari, ukimpa na mlango umemkabidhi vyote.

GBWhatsApp, ile watu wanaita GB, sitaiweka kwenye tathmini maana sio WhatsApp, ni dude la watu wengine lililochongwa juu yake, na WhatsApp wenyewe wanaifungia akaunti inayoitumia. Nataka mjue tu kwamba mwenye GB anaweza kujulishwa kila ukiingia hewani, na meseji uliyofuta kwa wote kwake inabaki. Kwa hiyo mkisema "nilimtumia picha ila nikaifuta haraka", mh.

Kubloku na kuripoti. Ukimbloku haoni uko hewani, haoni stetasi, haoni ukibadilisha picha, meseji na simu za WhatsApp hazifiki. Simu za kawaida na SMS zinafika, hizo unazibloku kwenye simu yenyewe. Atakuja na namba mpya, hao watu wana laini kama karanga. Ukiripoti, WhatsApp wanapelekewa meseji tano za mwisho alizokutumia, kwa hiyo usisubiri mpaka ashushe lugha akuombe msamaha ndo uripoti, au bonyeza ile meseji yenyewe ya tishio uiripoti hiyo. Na wakati wa kuripoti kuna kiboksi cha kumbloku na kufuta gumzo. Kabla hujagusa hapo, soma chini.

Kitu ambacho hakimo WhatsApp lakini kinaendana: namba ngeni inakusumbua, ingia kwenye huduma ya pesa kama unataka kuitumia hela, weka kiasi chochote, kabla ya kuweka namba ya siri jina linatokea, halafu ghairi. Mara nyingine unacheka mwenyewe, kumbe ni yule wa ofisini. Usimvamie mtu kwa hilo tu, maana laini za mtaani zinasajiliwa kwa majina ya watu wengine kabisa. Na ukumbuke upande wa pili, yeye naye akiandika namba yako analiona jina lako lote la NIDA, hata kama WhatsApp unajiita Sweetie Collection. Sijaona namna ya kulizima hilo.

Polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23 inamhusu anayetuma ujumbe kwa nia ya kukutisha, kukubughudhi au kukuumiza moyo, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Kenya sheria yao ya 2018 kifungu cha 27 inafika mpaka milioni 20 za kwao au miaka 10. Ukienda kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usihangaike kujieleza kaunta mbele ya watu, na usiondoke bila namba ya RB, ile ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Utapata anayekuuliza "kwani ulimfanya nini?", vumilia, taja kifungu, kaa.

Lakini nenda na ushahidi uliokamilika. Skrinshoti nyingi ninazoona hazina msaada kwa sababu juu pameandikwa "Shetani" au "Usipokee", mlivyomsevu. Afande ataijuaje hiyo namba? Gusa jina ufungue taarifa zake, namba ionekane, piga picha hiyo, halafu ndo za meseji zenye tarehe. Au futa jina lake kwenye kitabu cha simu, gumzo lote litaonyesha namba tupu. Baada ya hapo vidoti vitatu, zaidi, hamisha gumzo, litume kwenye email yako, linatoka kama faili lenye tarehe na saa za kila mstari. Simu yenyewe usiiuze wala kuifomati hata kama unaichukia, watataka kuiona. Na lile gumzo usilifute, kama linakutia kichefuchefu lisukume kwenye kumbukumbu (archive), halitakaa mbele ya macho yako na halirudi juu hata akituma mpya.